Ukuta wa Shangazi na Gari Lisilogusa Lami

Karakana ya matairi, juu ya kilima
4 Februari

Mwanangu Sumaku,

Salamu hizi nazituma kwa mkono wa Taratibu, yule dereva wa lori la saruji anayeendesha kama amebeba mayai. Simu sitaki. Ukinipigia, mashine ya upepo inanguruma, malori yanapandisha yakihema, mimi nasikia nusu ya neno na wewe unasikia kikohozi cha baba yako. Barua naisoma nimekaa, na nikikasirika nairudia.

Huku tupo, tunasukuma siku. Baba yako hajambo ukimsikiliza maneno yake. Ukimsikiliza kifua, sijui. Daktari alimwambia ahame karibu na barabara. Kaka yangu akamjibu kwamba barabara ndiyo iliyomkuta hapa, basi na ihame yenyewe. Kutwa yuko barazani anacheza drafti na fundi viatu, na akiona anashindwa anakohoa mpaka mchezo unaanza upya. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo ulianza kuuma kabla hujazaliwa, kwa hiyo si habari.

Nimesikia redioni kwamba ofisi yenu inaunda gari linaloelea hewani, halina matairi. Mwanangu wee! Mimi nimekusomesha kwa kuziba pancha, halafu unakwenda kuunda gari lisilopata pancha? Si bora ungenipiga teke nikajua moja? Mimi nacheka, ila wateja hawacheki. Wananiuliza, "Fundi, mpwa wako anakufungia duka?" Nawaambia wanyamaze, kwanza lielee.

Jingine. Wiki iliyopita walikuja watu wa vizibao vya rangi ya machungwa, wakapima kilima chetu toka chini hadi juu, na baraza langu wakalipima. Nikawauliza wanapima nini, wakasema barabara. Nikawaambia barabara naiona, nataka kujua mnaipimia nini. Wakacheka, wakakunja kamba zao. Wewe uko huko maofisini. Hujui lolote?

Nijibu kwa Taratibu, anageuza huko kila mara.

Shangazi yako,
mwenye mikono myeusi


Chumba cha majaribio
27 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na baba umpe shikamoo yake, umwambie ujanja wa kikohozi naujua tangu nikiwa mdogo, alikuwa akinifanyia mimi.

Mimi ni mzima. Nimehama chumba. Dirisha la hiki kipya linatazama uwanja wa magari ya taka, lakini mlango unafunga na bomba linatoa maji, kwa hiyo najiona malkia. Mguu ulioteguka umepona. Kupika bado sijui, usiniulize.

Sasa kaa vizuri nikwambie. Limeelea!

Usifikirie gari la redioni. Bado ni kama kitanda kisicho na miguu. Chini yake tumefunga magurudumu manne yaliyolala chali, yamejaa sumaku, na sakafuni tumetandika bati nene za alumini. Najua utaniambia sumaku haishiki alumini. Kweli, haishiki. Lakini sumaku ikizunguka kwa kasi juu ya alumini, umeme unazaliwa ndani ya bati, na huo umeme unaisukuma sumaku juu. Nilichukua barua yako, Shangazi, nikaipitisha chini ya gari, ikatokea upande wa pili haijakunjika hata kidogo. Mafundi wote walipiga makofi. Kisha tukampandisha mhasibu wetu, ambaye njaa haijui, na bado likaelea.

Usinicheke. Unajua kwa nini ninahangaika? Ule unga mweusi unaoufuta kila asubuhi kwenye kiti cha baba si moshi peke yake. Ni mpira wa matairi unaosagika, ni vumbi la breki. Gari hili halitoi moshi na halisagi mpira, kwa sababu haligusi chini. Hata gari linaloendeshwa kwa betri linasaga matairi. Hili halisagi.

Bado kuna kazi. Bila zile bati ni kitanda kizito tu, kinakaa pale pale. Bati zinapata moto. Umeme linakula kama mtoto anayekua. Lakini limeelea, na waliosema haiwezekani walikuwa wamesimama mlangoni wakaona.

Kuhusu wale wapimaji, wako wengi, wanapima kila kitu siku hizi. Usiwajali.

Mwanao,
Sumaku


Karakana
22 Machi

Mwanangu,

Barua yako imechelewa. Lori la Taratibu lilikatika ekseli njiani, barua ikakaa juu ya kioo chake pamoja na leseni na picha ya mke wake, mpaka spea ikaja. Ameniomba msamaha kama yeye ndiye aliyeiandika.

Nimefurahi limeelea. Nilimsomea baba yako, akaniambia nirudie pale pa mhasibu. Fundi viatu anauliza kama viatu navyo vitaelea, ajue mapema. Mimi swali langu ni moja: mkitandika alumini barabarani, nani atailinda? Kesho yake itakuwa sufuria, tena mtauziwa wenyewe.

Baba yako alilazwa siku mbili. Usishtuke, amesharudi. Walimvalisha ile barakoa ya hewa, akarudi akilalamika kwamba hewa ya chupa haina ladha. Lakini usiku, akidhani nimelala, anakaa kitandani ameshika magoti, anavuta pumzi kama anavuta kitu kilichokwama. Haya sikutaka kukuandikia. Nimeandika.

Nimepaka rangi ukuta wa mbele. Nyeupe. Halafu nikaupaka tena. Usiniulize kwa nini, na mimi sitakwambia, kwa sababu kuna swali nililokuuliza ukanijibu kama mtu anayefukuza inzi.

Nakuuliza mara ya pili. Una jingine la kuniambia? Sina haraka.

Shangazi yako


Chumba cha majaribio
16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia kwa ajili ya baba, kisha nikaona haya, kwa sababu yeye mwenyewe angenitania. Mwambie avute ile hewa isiyo na ladha kila atakapoambiwa. Mwambie ni amri ya binti yake.

Mimi sijambo kiasi. Tumeaibika.

Mkurugenzi wetu aliita wageni waje waone gari likienda nje, kwenye kipande cha barabara nyuma ya gereji ya mabasi. Tukatandika bati zetu, tukaliwasha, likapanda vizuri. Wageni wakatoa simu wapige picha. Halijafika hata katikati, tukasikia kwaruu, kwaruu, halafu mlio wa bati ikichanika, na gari likajibwaga chini. Tukaliinua kwa jeki. Shangazi, lilikuwa limeota ndevu! Misumari, vizibo vya soda, nyaya, nati, hata kijiko. Kila chuma kilichokuwa kimelala barabarani kando ya bati kilirukia sumaku zangu na kuanza kukwangua bati. Mgeni mmoja alichomoa kile kijiko akauliza kama chai iko tayari. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Na mimi ndiye uliyenipa sumaku ya spika mbovu nikakaa chini ya malori yako utoto wangu wote nikitafuta misumari. Jina langu nimelipatia humo! Nikasahau kwamba barabara ina misumari. Chumba cha majaribio tulikuwa tukikifagia kila asubuhi, tukadhani na dunia imefagiwa.

Hilo lingekuwa la kucheka. Lisilochekesha ni hili. Mkurugenzi ameandika ripoti. Imetaja majaribio ya ndani tu. Inasema gari linafaa barabara yoyote, na kazi ianze mara moja. Bodi inakaa Juni. Anataka saini yangu kwa sababu mimi ndiye mkuu wa majaribio, na bila saini hiyo ripoti haisomwi. Mahali pa kuanzia pameshachaguliwa.

Nimefikiria sana. Naweza kugeuza upande wa pili kabisa, niandike kwamba gari halifai popote, wazo lizikwe. Nikifanya hivyo, watu fulani watabaki salama walipo, na mimi nitalala.

Wewe ungefanyaje?

Sumaku


Karakana
9 Mei

Wewe,

Leo sisalimii. Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki.

Watu fulani! Watu fulani ndio akina nani? Umenisahau jina? Andika: shangazi yangu. Andika: baba yangu. Andika: fundi viatu na mama wa cherehani, waliokubeba ukiwa na surua. Kalamu yako imekuwa na adabu gani hiyo ya kutuogopa?

Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Wale wa vizibao walipokuwa wanaondoka, mpimaji mmoja, mama mtu mzima, alirudi akanishika mkono. Akasema, "Mhandisi ametusisitizia, tukifika hapa tusikose kukupa salamu zake." Nilibaki nimeshika tyubu mkononi kama mjinga. Nikakaa kimya. Nikasema, ataniambia mwenyewe, huyu nimemlea mimi. Nikakuuliza, ukaniambia wapimaji wako wengi. Nikakuuliza tena, ukaniletea kijiko.

Sasa nikwambie kuhusu ukuta. Walikuja wakapaka alama nyekundu ya kubomoa, X kubwa kuliko mlango. Safu yote ya upande wetu, kila ukuta na yake. Nikapaka nyeupe. Wakarudi wakapaka nyekundu. Nikapaka nyeupe. Wao wana rangi ya serikali, mimi nina ndoo yangu, tutaona nani ataishiwa kwanza. Mama wa cherehani naye ameanza kupaka. Fundi viatu anatumia rangi ya viatu, ukuta wake unang'aa sasa.

Kwa hiyo usinipigie mahesabu ya kunionea huruma. Sikiliza, na usome hapa mara mbili.

Kama gari linafaa, sema linafaa, hata kama litapita juu ya kitanda changu. Kama halifai, sema halifai, hata kama huyo mkurugenzi atatafuna kalamu. Usithubutu kulizika kwa ajili yangu. Nimekaa na kifua cha kaka yangu ukuta kwa ukuta, nakisikia. Ukiua kitu kinachoweza kumwondolea moshi ili mimi nibaki na kibaraza, utakuwa umenifanya mimi ndiye moshi. Sitaki! Nitapigana na hiyo X kwa mikono yangu miwili. Wewe pigana na misumari yako.

Na usidhani nimekasirika kwa sababu ya ukuta. Ukuta ni matofali. Nimekasirika kwa sababu umekaa huko mbali ukaamua mimi nihame, kisha ukaamua nisihame, na mara zote mbili hukuniuliza. Daktari aliyemwambia baba yako ahame angalau alimtazama usoni.

Kula vizuri. Umekonda, Taratibu ameniambia.

Shangazi yako, hasira bado haijaisha


Chumbani kwangu
30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile ambayo hukuipokea. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena kama ulivyosema. Sikujibu haraka kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa nimeshafanya.

Ni mimi niliyekitaja kilima chetu. Waliuliza ni mwinuko gani malori yanatoa moshi mbaya kuliko kwingine, na kabla hawajamaliza swali mdomo wangu ulikuwa umeshasema. Niliona kiti cha baba na ule unga. Safu yetu ya maduka sikuiona. Walipoleta ramani ikiwa na mstari uliopita juu ya karakana yako, nilishikwa na woga, nikawa mtoto. Nilidhani nikinyamaza mstari utahama wenyewe.

Hukuniambia la kufanya, umeniambia la kutofanya. Imetosha.

Nilikataa kutia saini ripoti ya mkurugenzi. Akaniita ofisini, akaanza kwa upole, nikamwambia hapana. Akasema kazi itakufa kwa ajili ya kiburi changu. Nikamwambia kazi itakufa siku gari la kwanza litakapoota ndevu likiwa na abiria. Akapandisha sauti, nami nikapandisha. Unajua nilikojifunzia kupandisha sauti, mashine ya upepo ikiwa inanguruma.

Basi nikaandika ripoti yangu na siku ya bodi nikaingia nayo bila kuitwa. Mlinzi alinizuia, nikamwambia aje tuingie wote, akatabasamu akanipisha. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilisema hivi. Barabara yoyote: hapana. Anayewaahidi kwamba kila lami itabeba magari yanayoelea anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lami haina cha kusukumana na sumaku, bati haziwezi kutandikwa kila mahali, na chuma cha njiani kitatumaliza. Lakini njia ya peke yake, fupi, yenye ukingo pande zote, inayofagiwa kila siku na kulindwa, kwenye mwinuko ambako malori yanatapika moshi: hapo inawezekana. Mizigo ipandishwe kilima kwa magari yetu, lori lisubiri chini. Nikawaonyesha joto la bati, umeme unaoliwa, na picha ya zile ndevu, kijiko kikiwemo. Sikuficha kitu.

Halafu nikawaambia jambo la mwisho. Upande wa pili wa barabara, kule kwenye mwamba wa machimbo ya zamani, hakuna nyumba hata moja. Njia ingepita huko. Mkurugenzi alichagua upande wenu kwa sababu matofali ya watu ni laini kuliko jiwe. Nikayasema hayo hayo, mbele yake. 

Bodi haijaamua. Imesema itatuma watu wapime ule mwamba, na imesema vilevile kwamba kama mwamba hautakatika, mstari utabaki ulipo. Siwezi kukuahidi kitu. Mimi mkurugenzi ameninyang'anya funguo za chumba cha majaribio siku ile ile. Sijafukuzwa, nimeambiwa nipumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nimemwambia sijachoka.

Nakala ya ripoti anakuletea Taratibu. Ameifunga kwenye mfuko wa saruji isilowe. Mfikishie baba, aisome mwenyewe, asisomewe. Na mimi nataka kuja. Sijui kama nina ruhusa.

Sumaku


Karakana
18 Julai

Mwanangu Sumaku,

Salamu zimerudi, nakupa zote kwa pamoja, za leo na za mwezi Mei.

Ripoti imefika inanuka saruji. Baba yako ameisoma mwenyewe. Alivaa miwani, akakaa barazani, akaanza kimyakimya, halafu ikamshinda akaanza kuisoma kwa sauti. Watu wakasogea. Madereva wakazima injini, jambo ambalo sijaliona kilimani hapa tangu nifungue duka. Alipofika pale pa matofali ya watu na jiwe alisimama akavuta pumzi, nikadhani kifua kimemkamata, kumbe anajizuia asilie. Fundi viatu akamwambia, "Endelea bwana, usitufanyie ujanja wa drafti." Akaendelea mpaka mwisho, saini na kila kitu. Saini ameitazama kwa muda mrefu. Sasa ripoti inalala chini ya mto wake, na mimi nimeambiwa nisiiguse kwa mikono yangu myeusi.

Wapimaji walikuja tena jana. Safari hii walikwenda upande wa mwamba, wakapigapiga nyundo mpaka jua likawachosha. Yule mama mpimaji alivuka kuja kunywa maji kwangu. Akasema mwamba ni mgumu, unaweza ukakatika, unaweza usikatike. Nikamwambia na mimi ni hivyo hivyo.

X imerudi ukutani. Safari hii sikuipaka nyeupe. Si kwamba rangi imekwisha, ndoo ninayo. Nimeiacha, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa, mama wa cherehani akinishikia ngazi: MWENYE ALAMA HII AINGIE NDANI TUZUNGUMZE. Mpaka leo hajaingia mtu.

Sasa ruhusa unayoniomba. Nyumba ni yako, kitanda chako kipo, usinichekeshe. Lakini kabla hujaja kwa mlango wa nyuma kula na kulala kama mpwa wangu, utakuja kwanza kwa mlango wa mbele kama mhandisi. Vaa hicho kizibao cha machungwa. Simama hapo kwenye X, ubishe hodi. Nitaacha kazi, nitanawa mikono, nitakukaribisha kiti. Kisha uniulize mimi, mwenye ukuta, kwa mdomo wako: mwamba ukishindikana, tunaweza kupita hapa ili kaka yako apumue?

Jibu langu ninalo, nimekuwa nalo tangu siku nilipoona wanapima. Silitoi kwa barua, na silitoi kwa mtu ambaye hajaniuliza.

Bisha hodi kwa nguvu, mashine ya upepo itakuwa inanguruma.

Shangazi yako